Kukodi DVD Marekani: duka la mtaani au bahasha ya posta?

Nimetumia njia zote mbili, na kwa maoni yangu kinachoamua ipi ni nafuu ni siku ambazo diski inakaa mezani kwako kabla hujairudisha. Duka linakutoza kuchelewa waziwazi, kwa faini. Posta inakutoza kimyakimya, kwa sababu diski isiyorudi inazuia ijayo isitoke.

Chukua bei za 2005. Netflix, iliyoanza kutuma DVD kwa posta 1998, ilitoza dola 17.99 kwa mwezi kwa mtu anayekaa na diski tatu kwa wakati mmoja. Dukani filamu mpya ilikuwa kama dola 4. Filamu nne dukani ni dola 16, kwa hiyo posta ilianza kulipa ukifikisha ya tano. Aliyetazama mbili tu alilipa karibu dola 9 kwa kila moja, zaidi ya maradufu ya bei ya dukani, na hakuona faini popote.

Mzunguko wenyewe ulikuwa hivi. Ukitia bahasha sandukuni Jumatatu kabla tarishi hajapita, kituo kilichokuwa karibu kiliipokea Jumanne, kikatuma nyingine, nawe ukaipata Jumatano. Ukimkosa tarishi kwa nusu saa, siku nzima imepotea. Ukimkosa Jumamosi, bahasha ilikaa hadi Jumatatu. Hata anayewahi sana alikuwa na kikomo: baada ya mteja mmoja kufungua kesi 2004, Netflix iliandika kwenye masharti yake kwamba wanaokodi kidogo ndio wanaotangulizwa filamu zinapogombewa.

Foleni ya filamu, yaani orodha ya unazotaka utumiwe, nayo ilitaka akili. Filamu mpya inayogombewa ilifaa uiweke namba moja kabla hujarudisha diski, si baada, maana kituo kiliangalia foleni yako pale diski ilipopokelewa. Tamthilia yenye diski nyingi ilifaa uikague kwanza: kama diski ya 1 ilisubiriwa na ya 2 ipo, uliweza kuletewa ya 2. Diski ya nyongeza, yenye mahojiano na matukio yaliyokatwa, mara nyingi ilihesabiwa peke yake, usipoiomba haikuja.

Duka linashinda kwa anayeamua saa moja jioni atazame nini saa mbili. Linashinda pia kwa muuzaji anayezijua rafu zake, na hilo sijaona orodha ya kompyuta ikilifikia. Ila soma masharti ya kuchelewa. Januari 2005 Blockbuster, kampuni kubwa ya maduka ya kukodisha filamu, ilitangaza kuwa faini za kuchelewa zimekwisha, lakini ukipitisha siku saba ulihesabiwa umeinunua diski; ukiirudisha ndani ya siku 30 ulirudishiwa bei, na bado ukatozwa dola 1.25.

Kasoro za diski zinatofautiana kulingana na njia. Ya posta hupasuka. Mashine za kuchambua barua hupitisha bahasha kwa kasi kati ya mikanda na roli zinazoipinda, na DVD ni tabaka mbili za plastiki zilizogandishwa, kila moja milimita 0.6. Inyanyue mbele ya taa, kagua duara linalozunguka tundu la katikati. Ukiona uzi mweupe, hata mfupi, usiitie kwenye deki: inazunguka mamia ya mara kwa dakika, na inaweza kuvunjikia humo. Toa taarifa kuwa imeharibika, utumiwe nyingine.

Ya dukani huchubuka, kwa kupita mikono mingi. Mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni deki nyingi huuvuka, kwa kuwa unakata kila mstari wa data padogo tu. Unaofuata mzunguko unaharibu data mfululizo, na hapo ndipo picha inapoganda. Kwa hiyo futa kwa kitambaa laini, moja kwa moja kutoka katikati kwenda nje, kamwe usizungushe. Fungua kasha palepale kaunta, hakikisha namba ya diski ni ile uliyoomba. Duka lenye mashine ya kusugua linaweza kuiokoa DVD; Blu-ray, diski iliyoifuata DVD, ni vigumu, kwa sababu data yake iko milimita 0.1 tu chini ya uso.

Blockbuster iliomba ulinzi wa mufilisi Septemba 2010, na Netflix ilituma diski zake za mwisho 29 Septemba 2023. Anayetaka diski leo aanze na maktaba ya umma ya mji wake, ambako mara nyingi ni bure. Kwa filamu adimu, Scarecrow Video ya Seattle ina zaidi ya filamu laki moja, na inakodisha dukani na kwa posta pia. Portland kuna Movie Madness, duka zuri kabisa la kupotelea mchana mzima.

Aliyekuja na deki kutoka Dar au Nairobi aangalie nyuma yake kwanza. Ya kwetu huwa na msimbo wa eneo namba 5, yaani namba inayoonyesha diski za sehemu gani ya dunia itacheza; diski za Marekani ni namba 1, na hazitacheza humo. Deki ya mitumba ya hukuhuku Marekani ndiyo njia rahisi.