Kozi ya wiki sita ya kusimamia kurasa za kampuni: lipia tatu, zilizobaki ruka

Kazi ya kusimamia mitandao ya kijamii ofisini nilipewa kwa sababu moja tu: mimi ndiye mdogo kuliko wote. "Wewe kijana, haya mambo si unayajua?" Nikajibu nayajua. Mwezi wa pili nikaweka wimbo unaovuma kwenye video ya tangazo letu, kesho yake video ikawa bubu. Midomo inacheza, sauti hakuna. Bosi alidhani simu yake imeharibika.

Ndipo nikalipia hii kozi ya mtandaoni. Jina lake nalihifadhi, maana nina mazuri na machungu ya kusema.

Wiki ya kwanza ni historia. Instagram ilianza 2010, LinkedIn 2003, hashitagi ni kitu gani. Jamani, mtu aliyejisajili kwa simu yake mwenyewe unamfundisha hashitagi?

Wiki ya pili ikanipa jibu la ile video. Kumbe akaunti ya biashara ya TikTok ina maktaba yake ya muziki ulioidhinishwa kwa matangazo, na ule wimbo wangu haukuwemo. Niliokuwa nikiuchezea kwenye ukurasa wangu kama burudani, kwa kampuni unakuwa biashara, na mwenye wimbo ana haki yake. Miaka yote ninaposti sikuwahi kuliwaza hilo.

Ya tatu ilianza na swali: akaunti ya kazini kwenu imefunguliwa kwa namba ya nani? Nikainamisha kichwa. Ya Instagram ilikuwa kwa namba ya aliyenitangulia, ambaye alishaacha kazi, na nenosiri limebandikwa kwenye kompyuta kwa karatasi ya njano. Jioni ile ile nikampigia, akakubali tukabadilisha. Sasa uthibitisho wa hatua mbili upo, yaani nenosiri peke yake halitoshi kuingia, na ukurasa wa Facebook una wasimamizi wawili, kila mmoja anaingia kwa akaunti yake.

Lakini wiki ya nne ndiyo iliyorudisha ada yangu yote. Nilikuwa nampelekea bosi picha za skrini zenye laiki, naye anauliza, "Kwa hiyo?" Mwalimu alitufundisha kutenganisha watu waliofikiwa na mara posti ilipotazamwa: mtu mmoja akiitazama mara tatu, bado ni mtu mmoja. Halafu akataka tuongeze safu ya tatu, ya ujumbe wa watu wanaotaka kununua. Nikachukua posti zangu mbili. Ya kuchekesha: watu 3,100, ujumbe 6. Ile niliyoionea aibu, inayoonyesha tu jinsi ya kufunga kifaa: watu 700, ujumbe 19. Bosi aliitazama karatasi, safari hii hakuuliza "kwa hiyo". Aliuliza nyingine kama ile ya pili tutaitengeneza lini.

Wiki ya tano, kujibu wateja wenye hasira, ni hasara tupu. Unapewa majibu ya kunakili, yote yanaanza na "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza", sentensi ambayo sijaona ikimtuliza mtu. Zoezi langu nalo lilikaa siku tisa bila kusahihishwa, likarudi na neno "Vizuri". Ya sita ni kupanga posti mapema na kupokea cheti. Utaimaliza ukiwa unapiga pasi.

Hilo la wateja nilikuja kufundishwa na mama wa mapokezi, ambaye hana hata akaunti ya Instagram. Mteja alikuwa ameposti picha ya kifaa kilichopasuka, herufi kubwa mwanzo mwisho. Nikamsomea mama jibu la kozi, akacheka. "Mwambie umeona kimepasuka pembeni. Halafu mwambie kingine kinafika siku gani." Nikaandika hivyo hivyo, mistari miwili. Yule mteja akajibu kwa herufi ndogo: sawa, nasubiri.