Waliifunga wao, Kitonga ikaifungua

Kabla sijataja gereji hii ya Dar inastahili nyota ngapi, angalieni kwanza sura ya tela langu: sehemu yote ya mbele nyekundu, oili ya gia imeruka kuanzia chini ya Prado mpaka kwenye turubai la jenereta. Hiyo ndiyo kazi yao.

Miezi michache iliyopita niliwapelekea hiyo Prado 120 ya otomatiki wanifungie rejeta ndogo ya oili ya gia. Niliwaambia wazi: tela, jenereta, Mafinga. Mpira wa oili umechomoka katikati ya mlima Kitonga.

Nimeukagua huo mpira. Ni wa petroli, maandishi bado yanasomeka. Oili ya gia ikipita nyuzi 110, mpira wa namna hiyo unavimba na kulegea. Huu ulikuwa laini kama andazi lililolowekwa kwenye chai. Kinachotakiwa ni mpira wa oili ya gia unaohimili nyuzi 150. Halafu bomba la chuma wamelikata kwa msumeno wakaliacha limenyooka hivyohivyo. Ncha ya bomba lazima itunishwe kidogo iwe na mdomo, mpira uingie kama sentimita mbili na nusu, klipu ikae nyuma ya huo mdomo. Wao wamekaza klipu moja ya matobo mpaka ikaukata mpira. Na ule unga wa chuma wa msumeno ulikwenda wapi kama si ndani ya gia boksi?

Nikapiga simu. Jibu la mkuu wao: "Sasa bosi, nani alikwambia uvute tela na gari la otomatiki?"

Jamani! Rejeta hiyo ilifungwa kwa ajili ya nini, mapambo? Joto la otomatiki kwa sehemu kubwa linatoka kwenye konveta, kile chombo kinachopitisha nguvu ya injini kwenda gia boksi kwa kutumia oili. Ukipanda taratibu na mzigo, konveta haijajifunga izunguke pamoja na injini, inakoroga oili tu, na nguvu inayopotea hapo yote inageuka joto. Ukitoka Ruaha Mbuyuni oili imeshapata moto, kisha unaanza mlima kwa mwendo wa 30, upepo wa mbele hakuna. Kwa hiyo rejeta ndogo ikae mahali feni inapovuta hewa. Yangu waliibandika kwenye kona ya chini nyuma ya bampa, imegusana na kondensa (rejeta ya AC), imefungwa kwa vitai vya plastiki vilivyopenyezwa kwenye mapezi. Mtikisiko wa barabara ya vumbi ungeitoboa kondensa. Acha nafasi ya sentimita moja, tumia vibati na boliti.

Niseme kweli lakini, kifaa chenyewe ni kizuri. Kati ya Chalinze na Morogoro na mzigo uleule, kabla ya rejeta hiyo skana ilikuwa inasoma joto la oili ya gia nyuzi 115. Baada ya kuifunga haikuvuka 95. Siku hiyo ningewapa nyota tano. (Msitegemee geji ya dashibodi, hiyo ni ya maji. Taa ya A/T OIL TEMP ikiwaka umeshachelewa.)

Na hizo 95 ni licha ya kuunga mabomba kinyume! Oili itoke gia boksi, ipite rejeta kubwa ya maji ya injini, ndipo iende ndogo na kurudi. Wao walianza na ndogo, kwa hiyo maji ya rejeta yanaipasha oili upya. Kujua bomba la kutoka ni rahisi: washa gari likiwa la baridi, litakaloanza kupata joto ndilo hilo. Dakika moja tu.

Oili nayo waliongeza kwa macho. Hii gia boksi haina kijiti cha kupimia. Unajaza WS, oili ya gia ya Toyota, gari liko sawa, injini inanguruma, oili ina nyuzi 40 hivi, unafungua nati ya kumwagikia mpaka idondoke kidogokidogo. Walichoweka ni ile nyekundu ya dumu, ya magari yote.

Fundi mwingine ameifunga upya rejeta ileile, na Kitonga napanda na gia ya tatu bila wasiwasi. Ndiyo maana nilikuwa nimeamua kuwapa nyota mbili, kwa kuwa angalau waliniuzia kitu halisi. Sasa hivi umeingia ujumbe wao: nirudi, watanipunguzia bei ya oili.

Nyota moja.