Raspberry Pi Global Shutter Camera: kwa kufukuza mpira wa meza, hii ndo yenyewe (nyota 4 kati ya 5)

Wadau, kama unataka kompyuta ifuatilie kitu kinachokwenda kasi, yaani hapohapo kinapopita na sio kesho yake kwenye video, acha kukimbilia megapikseli. Hii kamera, inayochomekwa kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ina megapikseli 1.6 tu, ilitoka 2023 kwa dola 50, na kwa kazi hii naichukua kabla ya kamera ya simu yoyote ya bei mbaya.

Siri ni shata, yaani namna kamera inavyofungua na kufunga upokeaji wa mwanga. Simu nyingi na webcam zinasoma picha mstari kwa mstari toka juu kwenda chini, sasa mpira ukipita kasi, mistari ya chini inasomwa wakati mpira ushahama, duara linatoka limevutika kama yai afu programu inakupa kitovu cha uongo. Hii ina sensa (chipu inayonasa mwanga) ya Sony IMX296, pikseli zote zinaanza kupokea mwanga pamoja na kuacha pamoja. Nimeifunga juu ya meza ya pingpong na mpira unatoka duara, hata kwenye smashi.

Ila mwanga lazima. Piga hesabu: mpira una milimita 40, ukienda mita 10 kwa sekunde (wachezaji wazuri wanapita hapo mbali sana) na shata ikakaa wazi milisekunde 1, ushasogea sentimita nzima, unachoona ni mkia. Shusha mpaka maikrosekunde 100, inabaki milimita 1, safi. Kamera inashuka hadi maikrosekunde 30 lakini kwa taa za kawaida za ukumbini hapo ni giza totoro. Tafuta taa ya LED yenye nguvu na isiyopepesa, maana zile za bei chee zinazima na kuwaka mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila kamera inaona, fremu moja inang'aa inayofuata imefifia na kichujio cha rangi kinachanganyikiwa kabisa.

Programu, OpenCV (maktaba ya bure ya kuchakata picha) inatosha. Chuja rangi ya chungwa, tafuta kitovu, afu weka kichujio cha Kalman (hesabu ya kukadiria mwendo) kibashiri mpira utakuwa wapi fremu ijayo ili utafute kaeneo kadogo tu badala ya picha nzima. Usikiruke, kwa sababu kamera inatoa fremu 60 kwa sekunde na mpira ule ule wa mita 10 kwa sekunde unaruka karibu sentimita 17 kati ya fremu na fremu.

Hiyo 60 ndo imekula nyota moja. Unaweza kukata picha ibaki ukanda wa mistari 96, ikapanda mpaka fremu 536, kwa kupima spidi ya mpira ukivuka neti ni tamu sana, kwa meza nzima haifai.

Na haiji na lenzi, jamani! Inanunuliwa kivyake, yenye mdomo wa kufungia aina ya C au CS. Mi nimechukua ya milimita 6, tundu lake f/1.2 linameza mwanga vizuri, ni kama dola 25 za ziada kabla ya usafiri na ushuru, kwa hiyo agiza vyote kwenye mzigo mmoja.