TAHADHARI: Muuza fuawe "za Mjerumani" zilizozibwa kwa puti

Wahunzi wenzangu na ninyi mnaotaka kuanza kazi hii, hasa mlioko Dar, Pwani na Morogoro: kuna mtu anazunguka kwenye magrupu ya mafundi akiuza fuawe kuukuu, yale mabonge ya chuma ambayo mhunzi hugongea kazi yake juu yake. Anazinadi kuwa ni za Mjerumani, zimetoka karakana za reli na mashamba ya mkonge. Usimtumie hela. Fuawe yake moja iliingia karakanani kwetu na kijana aliyeinunua, nyingine niliombwa nikaikague kabla mteja hajalipa, na zote zimepikwa kwa namna moja.

Namba yake siiweki hapa. Anabadilisha laini kila mara, na ile ya mwisho ilitoa jina la mwanamke ambaye huenda hajui lolote kuhusu biashara hii. Nikiiandika nitamponza mtu asiyehusika, na yeye ataendelea na laini nyingine. Mtamtambua kwa mwenendo.

Picha zake hupigwa kutoka upande mmoja tu, kwa juu kidogo, fuawe ikiwa juu ya gunia na imepakwa rangi nyeusi inayong'aa. Ukimwuliza bei anakupa bei ya kilo. Ukikaa kimya kidogo anakuandikia, "Mkuu, kuna mteja wa Nairobi anaifuata kesho, nitumie kianzio cha laki mbili nikushikie." Ukisema unataka kwenda kuiona, yuko Chalinze. Ukisema wewe mwenyewe uko Chalinze, mzigo umeshapanda kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) unaelekea Mbezi. Ukikubali, unaletewa jioni giza likiingia, na dereva ambaye amepewa nauli yake na namba ya kupokelea hela, basi. Waliotuma kianzio wakaambulia patupu wapo pia. Hao angalau hawana chuma kibovu kinachowakalia karakanani.

Kinachowanasa wengi ni historia anayowapa. Ubavuni mwa fuawe ya yule kijana kuna namba tatu zilizogongwa ndani ya chuma, kila moja imesimama peke yake: 1 2 16. Muuzaji alimwambia hiyo ni tarehe, 1 Februari 1916, kwamba Mjerumani aliifua katikati ya vita kabla Mwingereza hajaichukua Dar Septemba ya mwaka uleule. Kuhusu Septemba kasema kweli, na ndiyo maana watu wanameza na yaliyobaki.

Namba hizo ni uzito, tena uzito wa Kiingereza wa zamani. Ya kwanza ni idadi ya handredweti, kila moja ratili (paundi) 112. Ya pili ni robo za handredweti, kila robo ratili 28. Ya tatu ni ratili zilizobaki. Kwa hiyo 112, jumlisha 56, jumlisha 16, unapata ratili 184, yaani kilo 83 na ushee. Mjerumani alikuwa akipima kwa kilo, hana sababu ya kugonga robo na ratili. Na mkumbuke, kwa utaratibu huu namba ya katikati haiwezi kuzidi 3 na ya mwisho haiwezi kuzidi 27, maana zikizidi zingehamia safu ya mbele. Ukiona fuawe imeandikwa 1 5 40 kwa mtindo huo, aidha si namba za handredweti au kuna mtu ameziweka baadaye kwa patasi. Za Marekani nyingi huandikwa ratili moja kwa moja.

Sasa bei aliyotozwa kijana ilihesabiwa kwa kilo 120. Tuliibeba hadi kwa wanaonunua chuma chakavu jirani yetu, mizani yao ikasoma 81. Hizo 39 hazihitaji maelezo, ni wizi wa wazi. Zilizonishughulisha mimi ni zile mbili zilizopungua kutoka 83. Uso wa fuawe ile una urefu wa sentimita 40 hivi na upana wa 10. Kilo mbili za chuma zikiondolewa kwenye eneo hilo ni kama milimita 6 kwenda chini. Mizani ya chuma chakavu si ya duka la dhahabu, na kingo hulika kwa matumizi ya miaka mingi, lakini uso wenyewe ulikuwa na mistari ya jiwe la grenda chini ya rangi. Mtu ameukata ili unyooke na upendeze kwenye picha.

Kwa anayeanza, hapa ndipo penye mambo yote. Fuawe hizi za zamani za Kiingereza, kama zile za Peter Wright wa Dudley, si chuma kigumu kutoka juu hadi chini. Mwili wake ni chuma laini cha kufuliwa. Juu yake limeunganishwa kwa moto na nyundo bamba la chuma cha pua, unene wa kidole hivi, kisha likapashwa na kupozwa kwa maji mengi ili liwe gumu. Unachonunua ni bamba hilo. Mwili unakupa uzito tu, na uzito unaweza kuupata popote. Ugumu wenyewe hupungua kadiri unavyoshuka ndani ya bamba, kwa hiyo anayekata milimita 6 ili kupata uso mzuri amekula sehemu bora. Mikwaruzo na mashimo madogo juu ya fuawe kuukuu ni heri mara mia kuliko uso uliong'arishwa kama sinia.

Yeye hakuishia kukata. Kingo zilizokuwa zimebomoka alizijaza kwa kuchomelea, kwa rodi za kawaida za kuungia mageti. Rodi hizo zinaacha chuma laini, na moto wake unaharibu ugumu wa bamba la pembeni. Kazi ya kujaza uso wa fuawe ipo na inafanyika duniani, lakini inataka rodi ngumu maalumu, fuawe ipashwe moto kwanza na ipozwe taratibu. Juu ya hayo akapiga puti, hii hii ya mafundi wa bodi za magari, akasugua msasa, akapuliza rangi.

Kijana aligundua mwenyewe siku ya kwanza ya kazi. Alitoa chuma chekundu kwenye moto, akakilaza pembeni mwa fuawe akunje ndoano. Rangi ikavimba, ukatoka moshi mweupe, na karakana yote ikanuka gereji ya rangi. Alipogonga, ukingo ukameguka vipande vya kijivu, vyepesi, vinavyopondeka kwa vidole. Chini yake kulikuwa na shimo la kuingia kidole gumba. Akampigia muuzaji. Jibu lilikuwa, "Mdogo wangu, wewe hujui kufua, umeichoma." Fuawe ichomwe na kichuma cha kukunja ndoano!

Vitu vya kumkamatia vyote vinaingia mfukoni. Cha kwanza ni sumaku, hata ile ya spika mbovu. Ipitishe polepole kwenye kingo zote, kwenye pembe, na chini ya kisigino, yaani ncha ya nyuma isiyo na pembe. Penye puti mkono utahisi sumaku imelegea. Niliyoikagua kwa niaba ya mteja ilinaswa hapo hapo, kabla sijatoa kitu kingine.

Cha pili ni gololi ya beringi, kubwa kidogo, na rula ya shule ya sentimita 30. Simamisha rula juu ya uso, achia gololi kutoka ncha ya juu, tazama inarudi hadi wapi. Uso wenye ugumu wake utairudisha 21, 23, hata zaidi. Ikirudi chini ya 15, beba rula yako uondoke. Usipime mahali pamoja. Muuzaji atakuonyesha katikati, kwa sababu katikati ndiko kunakobaki na uhai hata kwenye fuawe mbovu. Wewe pima kingo, pima karibu na tundu la mraba, pima kila mahali ambapo rangi inaonekana nzito. Lakini pembe, na kile kijukwaa kidogo kati ya pembe na uso, ni laini kwa makusudi kwenye fuawe nyingi. Kijukwaa kimeachwa hivyo ili patasi isiharibike unapokata juu yake. Gololi ikifa hapo usitishike, wala usiutumie ulaini huo kupunguza bei kwa mtu mwaminifu.

Halafu tupa. Ivute kwenye kona ya ukingo wa uso, sehemu isiyoonekana. Kwenye chuma kigumu tupa itateleza na kulia. Ikiuma na kutoa unga kirahisi, hapo ni laini. Muuzaji akikukatalia kugusa kwa tupa, akasema utaharibu rangi, umeshapata jibu.

Mlio wenyewe usiwadanganye. Huyu jamaa hutuma video akigonga kwa nyundo ndogo, fuawe inalia kengele, anasema "sikia pua hiyo". Kipande chochote kirefu cha chuma kikiachwa huru kitalia, hata reli. Na zipo fuawe nzuri zisizolia kabisa: za Fisher za Marekani zimetengenezwa kwa chuma cha kumimina na bamba la pua juu, ukigonga husikii kitu, na wahunzi wa mjini wanazipenda kwa sababu hiyo hiyo. Mlio unafaa kwa jambo moja tu, kutafuta ufa. Gonga taratibu kutoka mwisho hadi mwisho, na mahali ambapo sauti inageuka kuwa ya kukwaruza, au nyundo inadunda kivivu ghafla, huenda bamba limeachana na mwili.

Jihadhari pia na fuawe mpya za chuma cha kumimina kitupu, zisizo na bamba lolote, ambazo naye ameanza kuziingiza kwenye picha zake. Hazina ubaya kwa kunyooshea bati baridi. Kwa kufua, uso unabonyea na kingo zinakatika, na kipande kinachoruka hakichagui jicho. Ukipewa nafasi ya kugusa kwa grenda chini ya kitako, cheche za chuma cha kumimina ni fupi, za wekundu uliofifia. Za pua ngumu ni nyeupe, zinapasuka matawi matawi.

Vipande vya reli anauza pia, anaviita "fuawe ya fundi". Chuma cha reli ni kizuri, hilo silipingi, na wahunzi wengi tumeanzia hapo. Ila reli bila karatasi ya aliyeiuza kihalali ni kesi ya kuhujumu miundombinu, na atakayekutwa nayo ni wewe. Na uzito anauongopa vilevile: reli ya ratili 80 kwa yadi ina kilo 40 hivi kwa mita, kwa hiyo kipande cha nusu mita hakiwezi kuwa kilo 50.

Kama haraka yako ni kuanza tu, usikae ukisubiri pembe na historia. Bonge la chuma cha pua la sentimita 10 kwa 10 kwa 30 lina kilo 23 na nusu. Lisimamishe wima, lifukie kwenye gogo zito, na uzito wote utakuwa chini ya nyundo yako. Ekseli nene ya lori lililokatwa inafanya kazi hiyohiyo. Kwa nyundo ya kilo moja hadi moja na nusu, visu, ndoano, patasi na majembe madogo vinafulika hapo bila shida.

Kwa waliokwisha kutuma hela: piga huduma kwa wateja ya mtandao wako mara moja, kabla haijatolewa. Ujumbe wake na namba yake vitume kwenda 15040. Usifute mazungumzo hata kama yanakutia hasira, piga picha za skrini, nenda kituo cha polisi uchukue RB, namba ya taarifa yako. Waliopokea mzigo wasiondoe puti wala kupaka rangi upya. Ipigwe picha ilivyo, na ipimwe kwenye mizani mbele ya mtu wa pili. Kijana wetu ameshafungua jalada, na dereva wa kirikuu aliyeleta mzigo amekubali kueleza aliuchukua wapi.