Uzoefu wangu na maildrop: mkaidi, ila barua zangu zote zipo

Ofisi yetu iko Kamalondo, hapa Lubumbashi, na kazi yetu ni kufuatilia makaratasi ya malori yanayopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Watu tisa, seva moja: kompyuta kuukuu iliyo juu ya kabati, pembeni ya betri. Fetchmail inavuta barua pepe kutoka nje na kuzikabidhi kwa Postfix, programu ya kupokea na kusambaza barua, kisha Postfix inaiita maildrop, ambayo ndiyo inamwekea kila mtu barua zake sandukuni. Haina dirisha wala kitufe cha kubofya. Masharti yako unayaandika ndani ya faili la .mailfilter, basi.

Zamani tulitumia mbox, yaani barua zote za mtu zinaunganishwa katika faili moja refu. Mwezi wa kumi, mvua ya kwanza, radi ikapiga, umeme ukakatika, na betri nayo ilikuwa imechoka. Kompyuta ilipowaka tena, sanduku la mhasibu lilikuwa limekatikia katikati ya ankara, na barua iliyofuata ilikuwa imegandamana nayo. Nilikesha nikizitenganisha kwa mkono. Baada ya hapo nikahamia Maildir, mpango aliobuni Daniel J. Bernstein kwa ajili ya qmail, programu yake ya barua: kila barua na faili lake. Maildrop inaiandika kwanza ndani ya folda ya tmp, ikishakamilika inaipeleka folda ya new. Umeme ukikatika katikati, kinachobaki tmp ni kipande tu. Barua nzima ingali kwenye foleni ya Postfix.

Procmail, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, niliitumia pia. Ikikuta sharti lenye kosa, ilikuwa inaliruka na kuendelea, na barua inaangukia isipotakiwa. Maildrop ya Sam Varshavchik ni mkaidi zaidi, na ukaidi huo niliuonja mwenyewe. Patroni, yaani bosi wetu, alitaka ujumbe wote wa Kasumbalesa uingie folda yake peke yake. Nikaandika usiku, macho mazito:

if (/^Subject:.*Kasumbalesa/)
{
  to "Maildir/.Kasumbalesa/"

Nikaenda kulala. Asubuhi kijana wa mapokezi akanipigia: "Yaya, namna gani? Patroni hajapata hata imeili moja!" Dar es Salaam wako mbele yetu saa moja, kwa hiyo kwa kawaida tukifungua mlango barua za huko zimekwisha kufika. Nikaandika mailq, amri ya kuonyesha foleni: barua 31 zimepanga foleni. Maildrop ilikuwa imesoma faili lote kabla ya kugusa barua, ikaona mabano hayajafungwa, ikagoma na kurudisha namba 75, ambayo kwa Postfix maana yake ni kujaribu tena baadaye. Usipobadilisha kitu, Postfix inazishikilia siku 5. Nikafunga mabano, nikaandika postqueue -f ili foleni ijaribiwe tena papo hapo, zikamiminika zote 31. Patroni alikuwa ameshaanza kumlaumu wakala wa Dar.

Sasa lawama zangu. Mwenye sanduku haambiwi lolote. Asiyechungulia foleni wala logi anadhani dunia imenyamaza tu. Faili la .mailfilter likisomeka na watu wengine, inakataa kazi, kwa hiyo chmod 600, amri ya kumwachia mwenye faili peke yake, isisahaulike. Mabano lazima yakae kila moja kwenye mstari wake. Folda ya Maildir nayo haikuundii: unatangulia wewe na maildirmake -f Kasumbalesa ~/Maildir. Mimi nilizijua hizi moja moja, kila moja kwa saa zake za kukuna kichwa, ingawa zimeandikwa kwenye man maildropfilter, yaani mwongozo wake. Nani anasoma man kabla hajakwama?

Kompyuta yetu ina kumbukumbu ya GB 1, na wateja wanatuma skani nzito kweli kweli. Hapo haijanisumbua: barua kubwa inaiweka kwenye faili la muda badala ya kuijaza kumbukumbu.

Ofisi ya watu wawili wanaosoma barua simuni isijitese nayo. Kwa seva ya watu wengi na umeme wa kubahatisha, sijapata nyingine ninayoiamini hivi, na ni ya bure. Patroni sasa anataka simu yake ilie kila lori likivuka. Inawezekana, amri ya cc ndani ya .mailfilter inaweza kupeleka nakala ya barua kwa amri nyingine. Nimemwambia angoje Jumamosi, maana siku za kazi siligusi tena lile faili.