Animesheni nilizolipia kazini, na ile ninayoirudia

Kampuni yetu inauza mashine za kuchuja maji, na mimi ndiye ninayeagiza video zake. Nimeshaagiza karibu kila aina ya animesheni ambayo mteja wa biashara huonyeshwa kwenye sampuli, kwa hiyo haya ni maoni ya mlipaji, si ya mchoraji.

Nianze na ile ya mkono unaochora kwenye ubao mweupe, maana wengi huikimbilia kwa urahisi wake. Unalipia programu kwa mwezi, michoro imo tayari, unaweka maneno na sauti, basi. Kwa kueleza utaratibu wa kununua kwa awamu ilitufaa kweli: fomu, mshale, mashine, na mtazamaji anafuata. Lakini msimulizi akitaja vitu vitatu kwa mkupuo, mkono haujamaliza cha pili na yeye keshafika cha tatu. Ukiuongeza kasi unachora kama umepagawa. Halafu michoro yenyewe kila mtu anayo. Yule bwana wetu mwenye tai na tabasamu nimemkuta kwenye tangazo la bima.

Ya 3D ndiyo iliyonipa furaha kubwa na ankara kubwa. Hakuna kamera itakayoingia ndani ya chujio likiwa kazini. Studio ililipasua kava la mashine katikati, tukaona maji yenye tope yakiingia, yakisukumwa kupita kwenye utando, uchafu ukibaki nyuma ya utando. Mafundi wetu wanafundishia video hiyo mpaka leo. Shida ni marekebisho. Sekunde 60 kwa fremu 24 kila sekunde ni picha 1,440. Picha moja ikiichukua kompyuta dakika 5 kuitoa, hizo ni saa 120, yaani siku 5 usiku na mchana. Studio zina kompyuta nyingi, sawa, ila gharama yake utaikuta kwenye ankara. Wahandisi wetu walipobadilisha mfuniko kutoka buluu kwenda kijivu, kila kipande ulimoonekana kilibidi kitolewe upya. Na usidanganywe kwamba Blender, programu ya kutengenezea 3D, ni ya bure: programu ni ya bure, saa za anayeijua si za bure.

Kuna ile ya kupiga vitu halisi picha moja moja huku ukivisogeza kidogo kidogo. Hii tuliifanya wenyewe kwa simu kwenye stendi. Fremu 12 kwa sekunde zinatosha. Funga mapazia, washa taa, na uzuie kamera isijirekebishe mwanga na fokasi yenyewe, la sivyo video itamemeta kila wingu likipita. Vipande vya chujio vikijipanga vyenyewe mezani, wateja wanatazama mpaka mwisho. Kueleza malipo kwa njia hii sikushauri.

Katuni za wahusika nazipitia haraka: nzuri kwa kisa cha mteja, ila kutembeza mtu mmoja vizuri kunakula pesa ambayo sisi hatuna.

Ninayoirudia ni grafiki mwendo, yaani maandishi, chati na maumbo bapa yanayosogea. Haimshangazi mtu. Lakini bei zetu hubadilika, masharti hubadilika, nembo nayo imeshabadilika, na mchoraji anafungua faili, anagusa tarakimu, video mpya inatoka jioni ile ile. Wengi wanatazama kwenye simu bila sauti, na hapa maneno tayari ni sehemu ya picha. Toleo la lugha nyingine nalo ni rahisi, mradi visanduku vya maandishi viachiwe nafasi, kwa kuwa sentensi hazilingani urefu.

Faida zote hizo zinategemea kupewa faili za kazi zenye tabaka zake, yaani zile ambazo kila andishi na umbo liko peke yake na linaweza kuguswa. Studio moja ilinikabidhi MP4 peke yake, yaani video iliyokwisha kuunganishwa, na nilipotaka kubadilisha mstari mmoja nikatajiwa bei ya video nzima. Siku hizi faili za kazi, haki za muziki na idadi ya marekebisho ya bure naziandikisha kwenye mkataba kabla ya malipo ya kwanza. Skripti nayo naipitisha kwa bosi ikiwa bado maneno matupu, kabla mtu hajachora chochote.

Mashine mpya ikitoka, nitaagiza 3D ya sekunde 10 tu, ya ndani ya chujio, bila mfuniko kuonekana. Zilizobaki zote ni grafiki mwendo.