Kitabu cha kuanzia Kijapani kama huna mwalimu: kipi ununue, kipi uprinti, kipi uache

Mimi hii kitu ilianzia kwenye gari. Nilikuwa napiga deiwaka kwenye Hiace hapa Mwanza, ruti ya Buzuruga, na kila ukiwasha asubuhi kuna mdada anaongea kutoka kwenye dashibodi, "ii-tii-shii kaado ga soonyuu sarete imasen", saa kumi na moja alfajiri kila siku ya Mungu, na konda wangu anamjibu "sawa dada tumekusikia". Siku moja nikasema aisee lazima nijue huyu mtu anataka nini. Kumbe anadai kadi ya kulipia barabara za kwao Japani, kwamba haijachomekwa. Miaka yote hiyo anadai kadi, na sisi tunakusanya nauli tu.

Basi nikaanza kutafuta kitabu, na hapo ndio nikaliwa hela. Kuna jamaa alikuwa anauza vitabu vya mtumba mtandaoni yuko Dar, picha nzuri, kifuniko kizuri, nikatuma pesa, mzigo ukaja na basi nikaupokea stendi ya Nyegezi nina furaha kama mtoto wa sikukuu. Nafungua ndani, Kijapani mwanzo mwisho. Hamna hata neno moja la Kiingereza la kukushika mkono. Nilikuwa nimenunua Minna no Nihongo kile kitabu kikuu peke yake, na sikujua kwamba maelezo yake yanauzwa kwenye kitabu kingine. Alafu mwenyewe wa kwanza alishajaza majibu yote kwa peni ya bluu.

Kwa hiyo navyopanga hapa chini sipangi kwa uzuri wa kitabu. Napanga kwa swali moja tu: ukiwa peke yako chumbani Igoma, umeme umerudi, huna mwalimu, hiki kitabu kitakujibu ukikwama? Maana yake kiwe na maelezo kwa lugha unayoielewa, majibu ya mazoezi upate kujisahihisha, na sauti ya kusikiliza. Kikikosa kimoja kati ya hivyo unakuwa umenunua kitabu cha mwalimu ambaye huna.

Ila kabla hujatoa hata mia, jifunze hiragana kwanza. Zile herufi za msingi ni 46, na kwetu sisi ni mteremko sijui kwa nini watu hawasemi hili. Unakumbuka darasa la kwanza, ma me mi mo mu, ba be bi bo bu? Hiragana inaandikwa hivyo hivyo, kwa kawaida silabi moja herufi moja, na irabu ni zetu zile zile tano, wao wanazipanga tu a i u e o. Neno sakana wewe unalisoma kama lilivyo, ni samaki. Na wenzangu Wasukuma mnaotaniwa kila siku kwa kuchanganya l na r, huku mmefika nyumbani, Wajapani wana sauti moja tu hapo katikati na hakuna atakayekucheka. Angalia tu maneno yanayofanana na yetu yasikuchezee, neno "mimi" kwao ni sikio, na "nani" kwao ni "nini". Siku ya kwanza nilicheka peke yangu.

Wiki mbili za hiragana zikikushinda, hela yako imepona. Zikikunogea ndio uje hapa.

Namba moja kwangu ni Genki I, ya The Japan Times. Ina masomo 12, kila somo lina mazungumzo, maneno, sarufi imeelezwa kwa Kiingereza cha kawaida tu ambacho mtu wa fomu foo anakielewa, alafu mazoezi, na sehemu ya nyuma ya kusoma na kuandika ambapo kanji, zile herufi ngumu zenye asili ya Kichina, zinaanzia somo la tatu, yaani wanakuacha upumue kwanza na hiragana na katakana, herufi za silabi za maneno ya kigeni. Ubaya wake, kiliandikwa kwa ajili ya madarasa ya chuo, kwa hiyo utakutana na mazoezi mengi ya "muulize mwenzako", na mwenzako hayupo. Mimi nilikuwa najiuliza na kujijibu kwenye feri ya Kamanga nikienda Sengerema, watu wanasogea pembeni taratibu. Ila sababu kubwa ya kukiweka juu ni hii: kuna kitabu cha majibu kinauzwa peke yake. Watu wengi wanakiacha wakibana matumizi, na hilo ndio kosa, bora uache kitabu cha mazoezi ukaongeze majibu.

Ukinunua angalia toleo. La tatu lilitoka 2020 na sauti zake unazipata kwa programu ya simu ya bure. La pili ni la 2011, linakuja na sidii nyuma, na kwenye mtumba hiyo sidii mara nyingi imeshapotea, na hata ikiwepo wewe una mashine ya sidii saivi? Sarufi haijabadilika kihivyo kati ya matoleo haya, kwa hiyo la pili likiwa bei ya chini na sidii ipo chukua, mradi usichanganye kitabu cha toleo hili na majibu ya toleo lile.

Hapa niseme kitu kimoja kinachoniuma. Vitabu vyote hivi maelezo yake yanapitia Kiingereza, na Kiingereza kinafanya vitu rahisi vionekane vigumu. Kuna umbo la kitenzi liko somo la 23, la mwisho kabisa kwenye Genki II, ambalo wanafunzi wengi wanaliogopa, tabesaseraremashita. Kiingereza kinahitaji sentensi nzima kulieleza. Sisi tunalo, ni "nililishwa". Kula, kulisha, kulishwa, unabandika vipande nyuma ya kitenzi kimoja kimoja, na wao ndio hivyo hivyo, tabe halafu sase halafu rare. Kwa hiyo ukikwama kwenye maelezo ya kitabu jaribu kulisema jambo lile kwa Kiswahili kwanza, mara nyingi fundo linafunguka lenyewe. Ukiacha mpangilio wa maneno, hapo hatufanani, wao kitenzi kinakaa mwisho, ni kama useme "mimi samaki nakula".

Namba mbili ni Irodori, na kwa kipato cha wengi wetu hii ndio namba moja ya kweli. Inatolewa na Japan Foundation ambayo ni taasisi ya Wajapani wenyewe, ni bure kabisa, unashusha PDF na sauti zake, na ina ngazi tatu, kuanzia asiyejua kitu. Imetengenezwa kwa watu wanaoenda kuishi na kufanya kazi Japani, kwa hiyo mambo yake ni kuagiza chakula, kuongea na bosi, kusoma matangazo, kuuliza basi. Kama ndoto yako ni viza ya kazi basi hii ndio njia yenyewe. Inachokosa ni mazoezi ya kukukomaza, sarufi wanaigusa tu wanapita, unamaliza somo unajisikia umeelewa, kesho yake kichwa cheupe.

Na bure sio bure sana. Kuisoma kwenye kioo cha simu ni mateso, kwa hiyo utaiprinti, na hapo ndio utaona gharama. Usikimbilie steshenari kuprinti yote kwa mkupuo, nilifanya hivyo nikaishia na bunda la karatasi ambalo nusu yake sikulifungua. Printi somo moja moja, nyeusi na nyeupe inatosha, pande zote mbili, ukimaliza unarudi kuprinti lingine. Sauti zishushe usiku kama una bando la usiku.

Namba tatu ni hiyo hiyo iliyoniliza, Minna no Nihongo. Usinielewe vibaya ni kitabu kizuri sana, ngazi ya mwanzo ina vitabu viwili vyenye masomo 50 jumla, mazoezi yake yanapiga kweli kweli, na walimu wengi wanakitumia. Ila kwa mtu wa peke yake lazima ununue viwili kwa pamoja, kitabu kikuu na kile cha tafsiri na maelezo ya sarufi, hicho chukua cha Kiingereza. Muuzaji akikwambia kimoja kinatosha muulize yeye alijifunza na kipi.

Marugoto naiweka ya nne, ina picha nzuri na inachangamsha, ila imegawanywa vitabu viwili kwa ngazi, kimoja cha kuongea kimoja cha kuelewa lugha, na mtu akinunua kimoja anabaki nusu. Japanese for Busy People ya tano, ya watu wa ofisini, kubadilishana bizness kadi na kupanga mikutano, na ukikipata chukua toleo la kana, yaani hiragana na katakana, usichukue lile la herufi za Kirumi.

Hiyo inanileta kwenye vile vijitabu vidogo vya "jifunze kwa siku kadhaa" ambavyo kila neno limeandikwa kwa herufi zetu. Acha. Sisi ndio vinatudanganya zaidi kwa sababu tunasoma vizuri mno, unajiona unajua, alafu unaletewa ukurasa wa Kijapani halisi unakuwa kipofu.

Kitu cha mwisho cha kununua hata hakiko kwenye duka la vitabu. Usihangaike na madaftari maalumu ya kuandikia kanji. Nenda sokoni, kwetu Mwanza ni pale Mlango Mmoja, chukua daftari la hesabu lile la vyumba-vyumba, herufi moja kila chumba, ukiona vyumba ni vidogo unganisha vinne.